Karanga Zinadumaa kwa Mabaka: Namna ya Kumtambua Mnyoo Aliyeko Chini

Karanga zikidumaa kwa mabaka shambani, wengi hukimbilia dukani. Mkulima anauziwa dawa ya kunyunyizia majani au mfuko wa mbolea, na mwezi mmoja baadaye baka liko palepale, limepanuka kidogo. Kama kinachozidumaza ni minyoo fundo, wanaoivimbisha mizizi, au jamaa zake, ushahidi uko chini ya udongo, na koleo litakuonyesha kwa nusu saa jambo ambalo majani hayawezi kukuambia msimu mzima. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mashamba ya Bagamoyo na ya mwambao unaofanana nayo: udongo wa kichanga, kilimo cha masika na vuli, na shamba ambalo mwaka huu lina karanga lakini juzi lilikuwa la bamia, nyanya au nanasi. Tutaanza na macho matupu, tupite jikoni na kwenye hadubini, tumalizie maabara. Lengo ni moja: umjue mnyoo kwa jina kabla hujatoa fedha.

Unayemtafuta ni nani

Minyoo wanaonyonya mimea, ambao wataalamu huwaita nematodi, hawana udugu na nyungunyungu unaowafukua ukilima. Wengi hawafiki urefu wa milimita 1, ni wembamba kuliko unywele, na miili yao hupitisha mwanga kama kioo. Udongo wowote wenye afya una maelfu ya minyoo wa namna hiyo wasio na madhara kabisa, wanaokula bakteria na ukungu. Wanaodhuru mimea wanatofautiana na wala bakteria kwa kitu kimoja, ingawa baadhi ya wala ukungu nao wanacho: mdomoni wana sindano ngumu yenye tundu, stileti, wanayoitumia kutoboa seli za mzizi na kufyonza kilichomo. Ukumbuke sindano hiyo, maana kwenye hadubini ndiyo itakayokusaidia kuwachuja.

Kwenye karanga wa kuogopwa zaidi ni minyoo fundo, wa jenasi ya Meloidogyne. Kati yao Meloidogyne arenaria ndiye mharibifu mkubwa wa zao hili duniani. Meloidogyne hapla naye huweza karanga, ila hupenda ubaridi, kwa hiyo ni mnyoo wa nyanda za juu kuliko wa pwani. Meloidogyne javanica ameenea sana nchi za joto, lakini ni baadhi tu ya koo zake zinazoweza kuishi kwenye karanga. Na Meloidogyne incognita, yule anayezimaliza nyanya na bamia, kwa kawaida hawezi kuishi kwenye karanga. Hapo ndipo penye mkanganyiko mwingi. Shamba linaweza kuwa na mafundo makubwa kwenye mizizi ya bamia, ukapanda karanga mahali palepale zikastawi vizuri. Linaweza pia kuwa kinyume chake. Kusema tu kwamba shamba lina minyoo fundo hakutoshi; swali ni minyoo fundo gani.

Nje ya hao yupo mnyoo wa vidonda, Pratylenchus brachyurus, ambaye hatengenezi mafundo bali huacha madoa meusi kwenye maganda. Huyu hukaa vizuri kwenye mizizi ya nanasi na ya mahindi, na hilo peke yake linatosha kumfanya mkulima wa Kiwangwa, kunakolimwa nanasi, ageuze macho kwake. Yupo mnyoo pete, Mesocriconema ornatum, anayekaa nje ya mzizi na kuunyonya akiwa hapo nje. Afrika Kusini wana taabu na Ditylenchus africanus, anayeishi ndani ya ganda na punje. Kaskazini mwa Nigeria kuna Aphelenchoides arachidis, anayekaa kwenye ngozi nyembamba ya punje. Hawa wawili wa mwisho husafiri ndani ya karanga zenyewe, kwa hiyo mbegu iliyotoka mbali bila kukaguliwa ndiyo njia yao.

Angalizo dogo kuhusu picha za mtandaoni. Nyingi zimepigwa Marekani, Georgia, Florida na Alabama, na kule wana mnyoo mwingine mkali wa udongo wa kichanga, Belonolaimus longicaudatus, anayeifupisha mizizi ikabaki visiki. Usianze kumtafuta huyo Bagamoyo kwa sababu tu mizizi yako ni mifupi. Ugumu wa udongo chini ya tabaka la jembe nao huleta picha hiyohiyo.

Lini uangalie, na wapi

Wiki tatu za mwanzo hutaona kitu. Minyoo fundo wachanga huingia kwenye mzizi mapema, lakini kwa joto la pwani, nyuzi 25 hadi 30 za udongo, huchukua kama wiki nne mpaka jike awe mkubwa na kutaga. Jike mmoja hutaga mayai mia kadhaa. Kizazi cha pili kinapoingia, karanga ziko kwenye kushusha vikonyo na kujaza maganda, na hapo ndipo madhara hupanda ghafla. Kwa hiyo chimba mara mbili: kati ya siku ya 45 na ya 60 baada ya kupanda, na tena siku ya kuvuna. Karanga za masika zilizopandwa mwanzoni mwa Aprili zikaguliwe kuanzia wiki ya tatu ya Mei hadi mapema Juni.

Dalili za juu ni za kukuelekeza mahali pa kuchimba, si za kuamulia. Tafuta mabaka ya mviringo au ya yai, mara nyingi yamevutika kuelekea upande trekta au plau ilikopita, kwa sababu zana ndizo zinazoburuta udongo wenye mayai. Ndani ya baka mistari haifungani. Unaona udongo katikati ya mistari wakati kwingine majani yameshagusana. Majani ni ya kijani kilichopauka. Saa sita mchana mashina yananyong'onyea hata kama jana mvua ilinyesha, jioni yanainuka.

Kila moja ya dalili hizo ina mshitakiwa mwingine. Rozeti, ugonjwa wa virusi unaoletwa na vidukari, hudumaza karanga pia, lakini majani yake huwa madogo, yamesongamana kama kichaka, na ukilichimba shina mizizi ni safi. Ukungu mweupe wa shinani hunyausha tawi moja moja, na chini kwenye shina unakuta nyuzi nyeupe na vipunje vya kahawia kama mbegu za haradali. Mchwa na funza wa udongo hutafuna. Wanaacha tundu na mikwaruzo, si uvimbe. Kama shamba zima limepauka sawasawa kutoka mpaka hadi mpaka, fikiria kwanza rutuba, mbegu au mvua. Minyoo hawasambai kwa usawa wa namna hiyo.

Kuchimba bila kupoteza ushahidi

Chagua mashina matano kwenye ukingo wa baka na matano sehemu iliyostawi. Ukingo, si katikati. Katikati ya baka mizizi imeshaoza, minyoo wamepungua kwa kukosa chakula, na utakachokiona ni uozo ulioletwa na ukungu uliokuja nyuma yao.

Zamisha koleo kama sentimita 15 kutoka kwenye shina, pande zote nne, kwa kina cha sentimita 20 hadi 25, kisha inua bonge lote. Usivute shina kwa mkono. Kwenye mchanga wa pwani linang'oka kirahisi na linakudanganya: mizizi myembamba, ambayo ndiyo yenye mafundo, inakatikia chini, na maganda yaliyoshambuliwa yanabaki ardhini kwa sababu vikonyo vyake vimedhoofika. Baada ya kuinua bonge, chakura shimo uokote maganda yote yaliyobaki na uyahesabu. Shina la ukingoni likiacha maganda mengi kuliko shina zima la upande mzuri, umeshapata dalili ya kwanza ya maana.

Loweka bonge kwenye ndoo ya maji dakika 10 hadi 15, kisha litikise taratibu mpaka mchanga uachie. Usisugue wala usitumie maji ya bomba yenye nguvu, kwa sababu vifuko vya mayai vinavyong'ang'ania nje ya mzizi vitaondoka. Tandaza mizizi kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo. Kwenye maji mizizi hujipanga yenyewe. Kwenye meza kavu hushikana kama nyuzi za katani zilizolowa, usione kitu.

Fundo na kinundu

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lenyewe ni la kusikitisha: mkulima anakiona kinundu chema cha naitrojeni, makao ya bakteria wanaoilisha karanga, anadhani ni ugonjwa, anamwaga sumu kwenye shamba lililokuwa na afya.

Kinundu cha naitrojeni ni cha duara, kama kichwa cha pini au punje ya mtama, na kimekaa ubavuni mwa mzizi. Kwenye karanga kina makao maalumu: kinaota kwapani, pale mzizi mdogo unapochipuka kutoka kwenye mzizi mkubwa. Kisukume kwa ukucha wa kidole gumba. Kinabanduka mara moja, na mzizi unabaki mzima, na alama ndogo tu. Kipasue katikati kwa wembe. Kikiwa kinafanya kazi, ndani ni chekundu au cha waridi kama nyama mbichi. Kikizeeka kinageuka kijivu au kijani kilichofifia.

Fundo la mnyoo si kitu kilichobandikwa juu ya mzizi. Ni mzizi wenyewe uliovimba. Mzizi unaingia upande mmoja, unanenepa mara mbili, tatu au zaidi, unatokea upande wa pili ukiwa mwembamba tena. Ukijaribu kulibandua kwa ukucha, unaukata mzizi. Ndani ni peupe au krimu, hapana rangi ya damu. Mafundo ya Meloidogyne hapla ni madogo, na mara nyingi yanatoa vijimizizi vingi vyembamba pembeni, kama ndevu. Ya Meloidogyne arenaria ni manene zaidi na huungana yakawa mnyororo.

Vyote viwili vinaweza kuwa kwenye mzizi mmoja, tena sentimita moja kutoka kimoja hadi kingine. Usihukumu kwa kimoja. Fanya jaribio la ukucha kwa uvimbe usiopungua ishirini katika kila shina.

Ukishapata mafundo, yape alama ili uweze kulinganisha mashina na misimu. Kipimo kinachotumika sana ni cha 0 hadi 5: 0 hakuna fundo, 1 ni fundo moja au mawili kwenye shina zima, 2 ni mafundo 3 hadi 10, 3 ni 11 hadi 30, 4 ni 31 hadi 100, na 5 ni zaidi ya 100. Andika alama ya kila shina, usiandike wastani peke yake. Wastani huficha baka.

Maganda yana maneno yake

Wakaguzi wengi huishia kwenye mizizi. Kwa karanga hilo ni kosa, kwa sababu ganda hukua ndani ya udongo na hushambuliwa kama mzizi, wakati mwingine kuliko mzizi.

Osha maganda kwa brashi laini, yaache yakauke kivulini, kisha yaangalie moja moja. Vivimbe kama chunjua juu ya ganda, vya rangi ileile ya ganda mwanzoni na kahawia iliyokolea baadaye, ni kazi ya minyoo fundo. Vitafute pia kwenye kikonyo, ule mkia unaoshuka kutoka kwenye ua kuingia ardhini.

Ganda lisilo na uvimbe lakini lenye madoa linakupeleka kwa mnyoo wa vidonda. Doa huanza kama ncha ya sindano, rangi ya hudhurungi, kisha linapanuka na kuwa jeusi. Kingo zake si kali. Linafifia kuingia kwenye rangi ya ganda kama wino uliomwagika kwenye kitambaa. Ukungu wa udongo nao huleta madoa, kwa hiyo doa peke yake halithibitishi. Utathibitisha kwa kuloweka, kama tutakavyoeleza. Mnyoo huyu hujazana kwenye maganda kuliko kwenye mizizi ya karanga, na sampuli ya mizizi mitupu inaweza kumkosa kabisa.

Kama mizizi ni safi na shina la juu halina shida, lakini maganda yamefubaa kama machafu hata baada ya kuoshwa, angalia kitako cha ganda, pale kinapoungana na kikonyo. Weusi unaoanzia hapo na kupanda kwenye mishipa chini ya ngozi ya ganda ni alama ya Ditylenchus africanus. Fungua ganda: ngozi ya punje inaonyesha mishipa myeusi, na ncha ya punje ni ya kahawia iliyokolea hadi nyeusi. Ukikuta hivyo, usiuze wala usigawe hata kibaba cha mbegu hizo mpaka maabara iseme.

Mapepe, yaani maganda matupu yasiyo na punje, ni kitu kingine. Kwenye mchanga wa pwani mara nyingi ni upungufu wa chokaa udongoni, si mnyoo. Ganda pepe likiwa safi nje na ndani, usilaumu minyoo.

Kumtoa jike ndani ya fundo

Unahitaji wembe mpya, sindano mbili za kushonea, sahani nyeusi au karatasi nyeusi chini ya kioo, na lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Kata fundo moja lenye maji, uliweke kwenye tone la maji, lipasue kwa urefu, kisha lichambue kwa ncha za sindano. Jike aliyekomaa anaonekana kama lulu ndogo nyeupe yenye shingo, umbo la peasi au la kibuyu, urefu kati ya nusu milimita na milimita moja. Akigongwa na sindano hupasuka na kutoa kitu kama maziwa. Ukimwona huyu, una minyoo fundo. Hakuna ubishi tena.

Nje ya fundo tafuta kifuko cha mayai: tone la ute wa kahawia, kama gundi iliyoganda. Ili vionekane vizuri, loweka mizizi iliyooshwa kwa dakika 15 kwenye rangi nyekundu ya chakula iliyochanganywa na maji, sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 5 hadi 9 za maji, kisha suuza taratibu. Mzizi unabaki mweupe au wa waridi hafifu, vifuko vinachukua wekundu uliokolea na unaweza kuvihesabu bila lenzi.

Kuwaloweka minyoo watoke

Wasiofanya mafundo, na wale walioko kwenye udongo, hutolewa kwa njia ya sinia. Chukua sahani ya plastiki yenye kina, juu yake weka chujio la plastiki lenye kitako bapa, ndani ya chujio tandaza tishu mbili za jikoni zilizo imara. Pima mililita 100 za udongo uliochanganywa vizuri, utandaze juu ya tishu kwa unene usiozidi sentimita 1. Mimina maji safi pembeni, kati ya chujio na sahani, usimwagie juu ya udongo. Acha kumimina maji yanapougusa udongo kwa chini na udongo ukaanza kuloa. Ukizidisha maji, udongo unazama, hewa inakwisha, minyoo wanakufa ndani ya tishu. Funika na plastiki isikauke, weka kivulini ndani ya nyumba.

Minyoo hai huogelea kushuka kupitia tishu. Kwa joto la pwani saa 24 zinatosha. Ukiacha siku tatu maji yananuka na sampuli imeharibika. Inua chujio polepole, mimina maji ya sahani kwenye glasi ndefu, yaache yatulie saa 4, kisha mwaga maji ya juu taratibu ubaki na mililita 20 za chini.

Kwa mizizi na maganda ni vilevile: kata gramu 5 za mizizi, au maganda yenye madoa bila punje zake, vipande vya sentimita 1, na uvitandaze badala ya udongo. Ngozi za punje ziloweke peke yake kwenye kisahani chenye maji kidogo.

Njia hii ina upungufu ambao lazima uujue: huwatoa wanaotembea tu. Mnyoo pete ni mzito na mvivu, hatoki vizuri kwa sinia, na mayai hayatoki kabisa. Maabara huwaelesha kwa maji ya sukari, karibu nusu kilo kwa lita, kwenye mashine ya kuzungusha. Kwa hiyo sinia likionyesha kitu, amini. Lisipoonyesha, usiseme bado shamba ni safi.

Kwenye hadubini

Lenzi ya mkono itakuonyesha vinyuzi vinavyojinyonganyonga, basi. Kwa zaidi ya hapo unahitaji hadubini, na maabara za biolojia za sekondari mara nyingi zina inayokuza mara 40, 100 na 400. Mwalimu akiombwa kwa heshima, na ukapeleka kisahani kisafi, nusu siku inatosha.

Kwa mara 40, tazama mwendo na umbo. Wanaochapa mikia kwa kasi kama samaki aliyetolewa majini kwa kawaida ni wala bakteria. Wanyonyaji wa mimea huenda taratibu, kama nyoka anayepita majani. Mnyoo pete ni mfupi, mnene, na mwili wake una pete nzito zinazoonekana wazi. Kisha pasha kisahani joto kidogo, juu ya maji ya moto kwa sekunde chache, mpaka wasimame. Jinsi wanavyolala wakifa ni kitambulisho: minyoo fundo wachanga na minyoo wa vidonda hubaki karibu wamenyooka, minyoo skrubu, Helicotylenchus, hujikunja kama konokono.

Kwa mara 400, nenda kichwani na utafute sindano. Mnyoo wa vidonda ana kichwa bapa, kigumu, cheusi kidogo, na sindano fupi nene yenye vifundo vikubwa kitakoni. Mnyoo fundo mchanga ana urefu kama wa nusu milimita, sindano yake ni nyembamba na hafifu, na mkia unachongoka na kuwa kama kioo kitupu mwishoni. Mnyoo mwenye mdomo ulio wazi kama mrija, bila sindano, si adui yako hata wakiwa elfu. Mizizi iliyooza hujaa hao, na wengi wamelitia shamba doa kwa kuwahesabu.

Vyungu vya mazao manne

Ili kujua ni minyoo fundo wa aina gani bila vifaa vya gharama, iache mimea ikujibu. Watafiti wa North Carolina, Marekani, walitengeneza kipimo cha mimea tofauti kwenye udongo mmoja, na sura yake rahisi inafanyika nyuma ya nyumba. Kata madumu ya lita 5 yawe vyungu, toboa chini, jaza udongo kutoka ukingo wa baka. Panda nyanya, tikiti, pilipili hoho na karanga, vyungu viwili kwa kila zao. Ongeza chungu kimoja cha nyanya chenye udongo uleule uliopikwa kwa mvuke nusu saa. Hicho kikitoa mafundo, umechafua mahali fulani, anza upya. Viweke vyungu kwenye kivuli cha nusu, usiviweke juu ya saruji au bati linalochemka, maana udongo ukipita nyuzi 40 minyoo wanakufa na jibu linakuwa la uongo. Pakiti ya nyanya ikiwa na herufi N kwenye kinga zake, kama VFN, usiitumie: imezalishwa kuwakataa minyoo hawa.

Baada ya siku 50 hadi 55 osha mizizi uisome. Mazao yote manne yakiwa na mafundo, mshukiwa ni Meloidogyne arenaria mbari (yaani ukoo) ya 1, adui wa karanga. Nyanya, tikiti na pilipili zina mafundo lakini karanga safi: Meloidogyne incognita. Nyanya na tikiti tu: Meloidogyne javanica, au mbari ya 2 ya arenaria. Karanga, nyanya na pilipili zina mafundo lakini tikiti safi: Meloidogyne hapla. Spishi mbili zikiwa pamoja jibu linachanganyika, kwa hiyo chukulia hiki kama kipimo cha kupunguza washukiwa. Karanga ndizo za kuamini zaidi: zikiwa na mafundo, mnyoo aliyeko anaziweza, awe na jina lolote.

Kwa nini kuhangaika na jina? Kwa sababu zao utakalopanda baadaye linategemea hilo. Ufuta na marejea humpunguza Meloidogyne arenaria. Bamia na nyanya humlisha. Lakini ukimkuta mnyoo wa vidonda, mzunguko wa kawaida wa karanga kisha mahindi ni kumtayarishia meza, na kupanda karanga kwenye shamba lililotoka nanasi ni hivyo hivyo.

Sampuli ya maabara

Kwa jina la uhakika, maabara hukata ngozi ya nyuma ya jike na kusoma mistari yake kama alama za vidole, au hupima vimeng'enya na vinasaba. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ndizo sehemu za kuanza kuuliza. Piga simu kwanza, ukimshirikisha afisa ugani wako, uhakikishe wanapokea sampuli za nematodi na kwa siku gani.

Chukua wakati wa kuvuna au muda mfupi baadaye, udongo ukiwa na unyevu wa kawaida. Pita shambani kwa mwendo wa zigizaga, pointi 15 hadi 20 kwa eneo lisilozidi ekari 5. Kila pointi ondoa sentimita 2 za juu zilizokauka, kisha chukua udongo hadi sentimita 20, karibu na mizizi. Changanya kwa mkono kwenye ndoo safi, taratibu, toa nusu kilo hadi kilo moja. Ongeza kiganja cha mizizi na maganda 20. Baka na sehemu nzuri viwe mifuko miwili tofauti. Usiongeze maji. Lebo iandikwe kwa penseli na ikae kati ya mifuko miwili ya plastiki, si ndani ya udongo: tarehe, kijiji, zao la sasa, mazao ya misimu mitatu iliyopita, na alama za mafundo ulizoandika.

Kisha ilinde sampuli na jua. Mfuko ulioachwa saa moja juu ya bodaboda mchana wa Bagamoyo ni mfuko wa minyoo waliokufa. Tumia kisanduku cha baridi chenye chupa ya maji ya barafu iliyofungwa gazeti, usiigandishe. Ukituma kwa basi kupitia Msata na Chalinze, mwombe kondakta auweke ndani pamoja na abiria, si kwenye buti, na ifike ndani ya siku mbili.

Omba majibu yenye vitu viwili: idadi kwa kila mililita 100 za udongo, na jina la spishi, si jina la jenasi peke yake. Na kama sampuli ilichukuliwa Februari, udongo mkavu, miezi mingi baada ya zao kutoka, jibu la sifuri lisikutulize; wakati huo minyoo fundo wengi wako kama mayai au wamezama chini ya kina cha koleo. Rudia siku ya kuvuna karanga zinazofuata.